Aliyepokea Pesa Ndiye wa Kuulizwa

Bonasi ya chai ikishaingia, Roret, huku kwetu Kericho, huanza kujengwa upya. Mabati hubadilishwa, tangi jipya hupandishwa juu ya mnara wa mbao, na bafu ambalo miaka yote lilitegemea sufuria ya jikoni hupata shawa ya umeme. Krismasi haijafika, baadhi ya shawa hizo zimeanza kutoa maji ya vuguvugu, nyingine haziwaki kabisa, na kesi imeshaamuliwa bila kusikizwa. Mwenye hatia ni fundi. Muuzaji anasema ni fundi, jirani anasema ni fundi, na mwenye nyumba anajilaumu kwa kumchukua huyo wa bei nafuu. "Rahisi ni ghali," tunaambiana, na mambo yanaishia hapo.

Hukumu hiyo ni ya uonevu, na tena ni ya uvivu. Inamwangukia fundi kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kuonekana akishika nyaya, na kwa sababu yeye ni mnyonge: hana duka, hana risiti iliyopigwa chapa, na nyumbani kwake panajulikana. Mimi nashikilia kinyume chake. Aliyeuza kifaa kwa ahadi ya maji moto na akapokea pesa ndiye wa kwanza kuulizwa. Kama kosa ni la fundi, la kiwanda au la laini ya stima, muuzaji ndiye wa kulithibitisha na kumfuata mhusika. Hiyo si kazi ya mama anayeoga maji baridi saa moja jioni.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana wanaomlaumu fundi mara nyingi hawajui kifaa kinavyofanya kazi. Tuchukue shawa ya kilowati 5.4 iliyotengenezwa kwa stima ya volti 240. Maji yakipita lita 3 kwa dakika, shawa hiyo inayaongezea joto la nyuzi 26 hivi. Maji ya tangi yakiwa na nyuzi 16, yatatoka yakiwa na nyuzi 42, na hapo mtu anaoga akiimba. Sasa tuiweke shawa hiyohiyo katika nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, saa ambayo kila boma limewasha taa, runinga na pasi. Volti zinashuka hadi 180. Wengi hudhani kwamba volti zikipungua kwa robo, joto nalo litapungua kwa robo. Sivyo. Joto la waya wa shawa hufuata mraba wa volti, kwa hiyo kilowati 5.4 zinabaki 3 tu. Maji yaliyopaswa kutoka na nyuzi 42 yanatoka na 30. Mwili wa binadamu una 37. Maji ya nyuzi 30 kwenye mgongo wa mtu, katika baridi ya huku kwetu, ni maji baridi.

Hapo hakuna kilichoharibika. Shawa ni nzima. Fundi ametumia waya wa milimita 6 za mraba badala ya wa 2.5, amefunga breka inayofaa, ameunganisha ardhi kama ipasavyo. Alifunga saa sita mchana, akafungulia maji, yakatoka moto, akalipwa, akapanda boda boda akaenda zake. Jioni ilipofika, maji yakapoa. Nani amekosa? Kila mtu atakuambia ni fundi, kwa kuwa mchana yalikuwa moto na yeye ndiye aliyeyagusa. Lakini kosa lilifanyika kabla fundi hajaitwa, siku ile muuzaji alipotoa boksi kwenye rafu bila kuuliza swali lolote: Nyumba iko wapi? Taa zenu hufifia jioni? Transfoma iko umbali gani?

Tena muuzaji akirudiwa na malalamiko, dawa yake ni ileile: "Mama, ile ni ndogo, chukua hii kubwa." Dawa hiyo ni ugonjwa mwingine. Shawa kubwa huvuta mkondo mkubwa zaidi, na mkondo ukiwa mkubwa kwenye laini dhaifu, volti huzidi kushuka. Mteja analipa mara mbili ili aongeze tatizo alilokuja nalo, na jirani zake wanaona taa zao zikizidi kufifia.

Kuna jambo jingine ambalo fundi hubebeshwa bila haki, nalo ni urefu wa tangi. Ndani ya shawa hizi mna kiwambo cha mpira. Maji yakikisukuma kwa nguvu ya kutosha, kinagusanisha koili na stima. Nguvu ikikosekana, shawa haiwaki. Tangi likiwa juu ya shawa kwa nusu mita tu, kiwambo hakisukumwi. Mteja anasikia ukimya, anasema mashine ni feki au fundi ni mwizi. Ukweli ni kwamba kiasi cha mwinuko kinachotakiwa huandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi, na boksi lilikuwa dukani kwa muuzaji miezi mizima kabla ya mteja kulifungua.

Hita za sola nazo zina mambo yake. Roret iko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja. Karatasi zinazokuja na hita zilizotengenezwa nchi za kaskazini huagiza mirija ielekezwe kusini. Hapa kwetu kusini au kaskazini si hoja kubwa; hoja ni asubuhi na alasiri. Kila mchuma chai anajua kwamba jua letu ni la asubuhi, na kwamba mchana ukipinduka mawingu yanapanda na mvua inashuka. Mvua yenyewe mara nyingi ni ya mawe: Kericho inatajwa na wataalamu wa hali ya hewa ulimwenguni kwa wingi wa mvua ya mawe. Anayemuuzia mkulima wa huku mirija ya kioo bila kumwambia habari ya mawe, na bila kumshauri aielekeze mashariki kidogo ipate jua la asubuhi, amemuuzia kifaa cha nchi nyingine. Fundi anayefuata karatasi hiyo neno kwa neno atakuwa ametii na bado atalaumiwa.

Najua jibu litakalokuja. Watasema: mteja alitaka cha bei nafuu, akapata cha bei nafuu, macho anayo. Hoja hii inapendwa kwa sababu inaonekana kumheshimu mteja, inamwita mtu mzima anayejichagulia. Lakini mtu huchagua kwa kile anachoweza kukiona. Mtu akinunua ng'ombe mnadani anamfungua mdomo, anamtazama meno, anamwona akitembea. Shawa iliyofungwa kwenye boksi haina meno ya kutazama. Anayejua yaliyomo ni mwenye duka, au aliyemletea mwenye duka. Kumwambia asiyejua "jihadhari" na kumnyamazia anayejua ni kuigeuza hekima ya wazee kuwa ngao ya mfanyabiashara. Na jambo la bei lina ukweli mwepesi: kitu cha bei nafuu kinaweza kuwa na umbo baya, plastiki nyembamba na maisha mafupi. Hakiwezi kuwa hakipashi maji na bado kikaitwa hita ya maji.

Sheria yetu yenyewe haikubaliani na methali ya "rahisi ni ghali". Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidi alichonunua, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inasema muuzaji anahesabiwa kuwa ametoa dhamana ya ubora hata asipotamka neno, na kwamba sharti lolote la kuifuta dhamana hiyo ni batili. Yale maandishi yaliyo chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayana nguvu mbele ya kasoro. Ni wino tu. Yanafanya kazi kwa sababu tunayaamini.

Hapa niwe mkweli kuhusu udhaifu mmoja wa sheria, maana wenye maduka wanaujua na wateja hawaujui. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo tuliirithi kutoka kwa sheria ya Uingereza ya 1893, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji haja yake na kutegemea ujuzi wake, bidhaa lazima ifae kwa haja hiyo. Ila mnunuzi akiingia dukani na kuagiza kifaa kwa jina la chapa, ulinzi huo unaweza kumponyoka. Nasi tumezoea kuingia dukani kwa kutaja chapa. Tunaona ndiyo alama ya mtu anayejua mambo. Kumbe tunamfungulia muuzaji mlango wa kutokea. Afadhali useme: nyumba yangu iko mwisho wa laini, taa hufifia saa moja jioni, tangi langu liko mita mbili juu ya bafu, nipe cha kunifaa. Hapo umemkabidhi mzigo, na akikupa kisichofaa, kisheria ni chake.

Waingereza wenyewe hawakubaki 1893. Sheria yao ya Haki za Mtumiaji ya 2015 inahesabu ufungaji mbovu kuwa kasoro ya bidhaa yenyewe endapo aliyeuza ndiye aliyechukua kazi ya kufunga. Inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kuchukua pesa yake. Tena kasoro ikitokea ndani ya miezi 6 na mnunuzi akataka kitengenezwe au kibadilishwe, kasoro hiyo inachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Huo ndio moyo wa jambo ninalolidai. Sitaki muuzaji aadhibiwe kwa kosa lisilo lake. Nataka mzigo wa kuthibitisha uwe kwa aliye na ujuzi, vipimo na njia ya kumfikia aliyeagiza mzigo kutoka nje. Sisi tumerithi kanuni ya zamani na kuachwa nayo, huku aliyeturithisha akihama.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni hii: mteja alijitafutia fundi wake, duka halimjui, kwa nini duka lijibu? Ni hoja ya haki na inastahili jibu la haki. Fundi naye, kwa sheria ya 2012, ni mtoaji wa huduma, na huduma yake nayo ina dhamana. Akifunga waya mwembamba ukayeyuka, ni wake. Akiunganisha ardhi na nyutro ili kuokoa waya, au akiacha ardhi kabisa, sina neno la kumtetea, kwa kuwa hapo jambo si maji moto tena, ni uhai wa watoto wanaosimama uchi kwenye sakafu yenye maji. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kazi ya stima ifanywe na mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi, na mwenye nyumba anayemchukua asiye na leseni kwa kuwa ni mpwa wa jirani amejitafutia sehemu yake ya lawama.

Lakini tazama jinsi hoja hiyo inavyotumika dukani. Haitumiki baada ya kupima. Inatumika badala ya kupima. Muuzaji hajaiona nyumba, hajaweka mita ya volti kwenye soketi, hajafungua shawa, na tayari ameshasema fundi ameharibu. Fundi naye, akijua hivyo, anasema mashine ni feki. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, wote wawili wanaweza kuwa waongo, na mteja katikati hana chombo cha kuwaamua. Ndiyo maana nasema muuzaji awe wa kwanza kujibu. Apime. Akikuta waya umeungua kwa uzembe, aandike, asaini, na mteja aende na karatasi hiyo kwa fundi. Akikuta volti 180, aseme wazi kwamba aliuza kisichofaa, akibadilishe, na mteja apeleke lalamiko la laini kwa kampuni ya umeme akiwa na kipimo mkononi. Akikuta koili imekufa siku ya nne, amdai aliyemletea mzigo. Mnyororo upo, unaanzia kwake, si kwa mteja.

Wala mtu asiniambie kwamba watu wa Roret hawaelewi mambo haya, eti ni ya mijini. Mkulima wa hapa ana hisa katika kiwanda cha chai, na katika kiwanda hicho kuna boila kubwa linalokula kuni usiku na mchana ili kukausha majani yake. Boila hilo halipokelewi kwa kusikia mlio. Aliyeliuza hutuma watu wake, linawashwa, mvuke unapimwa, vali ya usalama inajaribiwa, karatasi zinasainiwa, na ndipo malipo yanamalizika. Baada ya hapo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka likaguliwe mara kwa mara na mtu aliyeidhinishwa. Meneja wa kiwanda akilipia boila lisilotoa mvuke, kisha akawaambia wakulima kwenye mkutano mkuu kwamba kosa ni la kijana aliyefunga bomba, hatamaliza sentensi. Watamwuliza: aliyeuza yuko wapi? Swali hilohilo tunaliacha mlangoni mwa kiwanda tunaporudi nyumbani kwetu, kana kwamba pesa ya bonasi si pesa ya chai ileile.

Watasema pia kwamba nikilibebesha duka mzigo huu, bei zitapanda. Huenda zikapanda kidogo. Lakini gharama ipo hata sasa. Haionekani kwa sababu imegawanywa kwa walio kimya. Inalipwa na mwenye nyumba anayenunua shawa ya pili, na fundi anayeitwa tena na tena kurudia kazi bila malipo ili jina lake lisichafuke sokoni, na anayerudia kuchemsha maji kwa kuni baada ya kutumia maelfu. Tena duka linalojua kwamba litarudishiwa shawa mbovu litaacha kuagiza shawa mbovu. Muuzaji anaweza kumkataa aliyemletea mzigo mbaya; mteja wa Roret hawezi hata kumjua.

Wengine watanicheka: nani ataenda mahakamani kwa ajili ya shawa? Tangu 2016 tunayo Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo, na milango yake ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiza madai ya hadi shilingi milioni 1, yakiwemo ya bidhaa na huduma, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na haimlazimu mtu kuwa na wakili. Nakubali kwamba nauli na siku za kazi zinaweza kuzidi bei ya shawa moja. Hita ya sola ni hesabu nyingine kabisa. Na nguvu ya mahakama haiko kwa wanaokwenda pekee. Muuzaji akijua kwamba mteja anajua njia, hata lugha yake kaunta hubadilika.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo anayenunua adai risiti yenye jina la kifaa, ukubwa wake na tarehe. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa zilikwenda, hauonyeshi zilikwendea nini. Akague alama ya KEBS kabla ya kutoa pesa. Asimlipe fundi salio mchana. Amwambie arudi saa moja jioni, wafungulie maji pamoja volti zikiwa chini, mita ikiwa kwenye soketi, namba iandikwe nyuma ya risiti. Fundi mzuri hataogopa, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayomwokoa kesho. Na shawa ikikataa, asikae nayo miezi akingoja bonasi nyingine: sheria humhesabu aliyenyamaza muda mrefu kuwa ameridhika. Arudi dukani wiki hiyohiyo, na malalamiko yake yawe ya maandishi.

Hayo ni ya mnunuzi, lakini sikuandika ili nimwongezee mnunuzi kazi kisha wenye maduka wapumue. Bunge likiamua, laweza kuandika kifungu kifupi: kifaa cha nyumbani kikishindwa kazi yake ndani ya miezi 6, muuzaji ndiye wa kuthibitisha kwamba si kosa lake, na asipothibitisha arudishe pesa. Mpaka siku hiyo, wenye maduka wa Roret na Litein wanaweza kuanza bila kungoja Nairobi. Mita ya kupimia volti ni chombo cha bei ndogo kuliko shawa yoyote waliyo nayo kwenye rafu. Duka litakalompa mteja mita hiyo aende nayo nyumbani jioni moja kabla ya kununua litakuwa limefanya kazi ambayo leo analaumiwa fundi kwa kutoifanya. Duka litakalokataa, na bado likapokea pesa, lisituambie habari za fundi.